Mlima Simba au Nauli ya Moshi? Tathmini ya vilima vya Dodoma kwa anayejiandaa kupanda milima mikubwa

Kikundi kinapoanza kuandikisha majina ya safari ya Kilimanjaro, mkazi wa Dodoma huuliza jambo moja kabla hata ya kuuliza bei: hivi vilima vyetu vinatosha kunoa miguu, au lazima mtu atafute milima mikubwa mapema? Mji umezungukwa na majabali. Ukitoka kazini jioni unayaona mekundu kwa jua, karibu kiasi kwamba bodaboda inakufikisha chini yake kabla giza halijaingia. Ila ukubwa wake ni wa kilima. Hakuna theluji wala kibanda cha kulala, na juu hakuna ubao wa kupigia picha.

Kwa miguu, vilima vya Dodoma vinatosha. Kwa mazoezi ya kushuka vinazidi kutosha, maana kule mlima mkubwa unashuka mara moja, na mara hiyo moja ndiyo inayokuumiza. Kwa hewa nyepesi na baridi havitoshi hata kidogo, na mizunguko mingi haitabadilisha hilo. Katikati kuna Hanang, ambao watu wengi wa huku wanaupita kwenye basi bila kuutazama mara mbili. Huo nao tutaufikia.

Tuanze na hesabu, kwa sababu bila hesabu mjadala huu hauishi. Kwa njia ya Marangu ya Kilimanjaro, usiku wa kilele unaanzia kibanda cha Kibo, karibu mita 4,720, hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895. Hiyo ni mita 1,175 za kupanda. Kisha siku hiyo hiyo unateremka mpaka kibanda cha Horombo, mita 3,720: mita 2,175 za kushuka, na miguu haijalala. Meru ni mtindo ule ule. Kutoka kibanda cha Saddle, mita 3,570, hadi kilele cha mita 4,566, unapanda takriban mita 1,000. Ukiteremka hadi Miriakamba, mita 2,514, umeshuka zaidi ya mita 2,050. Kwenye safari zote mbili kushuka ni karibu mara mbili ya kupanda. Namba hiyo ndiyo ya kuibeba kwenda nayo kwenye kilima chako cha nyumbani, wala si urefu wa kilele.

Sasa chukua Mlima Simba, mmoja wa vilima hivi vya Dodoma. Mtu mwenye afya ya kawaida hufika juu chini ya saa moja, na hapo ndipo wengi wanapoudharau: wamefika, wamepiga picha ya mji, wamerudi kunywa chai. Mlima haujashindwa kazi, ni wao waliokwenda mara moja. Pima kwa simu yako. Washa programu yoyote ya kurekodi matembezi, tembea kutoka pale njia inapoanza kuinama hadi juu, soma tofauti ya mwinuko. Rudia siku tatu tofauti uchukue wastani, kwa sababu GPS ya simu inaweza kukosea mita kumi hata ishirini kwenye mwinuko. Tuseme umepata mita 150. Mizunguko minane ni mita 1,200 za kupanda na 1,200 za kushuka. Umeshapita usiku wa Kibo kwa kupanda, na kwa kushuka uko zaidi ya nusu ya safari ya kurudi Horombo, tena umelala kwako.

Ubora wa njia. Majabali ya Dodoma ni matale ya zamani mno, mwamba mgumu wenye chembechembe unaoshika soli vizuri ukiwa mkavu. Hilo ni jambo zuri kuliko watu wanavyojua: unaweza kupanda bamba la mwamba lililoinama sana kwa buti za kawaida kabisa, ilimradi uweke soli nzima chini na usitembee kwa ncha za vidole. Kinachoangusha watu si mwamba, ni changarawe. Mwamba huu ukimomonyoka kwa jua na mvua hutoa punje ngumu zinazokaa juu ya bamba kama mtama uliomwagika sakafuni. Ukikanyaga hapo ukiwa unashuka, zinabingirika, na mguu unaondoka mbele. Tafuta sehemu za mwamba msafi, au pita pembeni kwenye majani yenye mizizi. Mwamba wenye ukungu mweusi au wa kijani ni wa kuepuka kabisa ukilowa. Kati ya Desemba na Aprili subiri saa mbili tatu za jua baada ya mvua ndipo upande.

Miiba ni tatizo la kweli. Mwiba mkavu wa mgunga hupenya soli laini ya raba za mbio kama sindano kwenye kitambaa. Beba kibano kidogo. Na sikiliza: majabali haya yana nyufa, na nyufa nyingine zina nyuki. Ukisikia mvumo, rudi ulikotoka kimya kimya, usipunge mikono. Mawe yenye jua la asubuhi ni mahali pa nyoka kuota joto, kwa hiyo usiweke mkono mahali ambapo jicho halijafika.

Upungufu mkubwa wa Mlima Simba ni usalama. Ni sehemu iliyo wazi, watu wanaipenda kwa upweke wake, na upweke huo huo ndio wanaoutafuta vibaka. Nendeni watu wanne au zaidi, simu moja tu ikiwa nje, na mtu mmoja mjini ajue mtarudi saa ngapi. Vilima vingine vya mji vina makazi ya viongozi, minara ya mawasiliano au kambi. Upande wa Mlimwa hasa si mahali pa kupenya ovyo na kamera mkononi. Ofisi ya serikali ya mtaa itakwambia kwa dakika tano njia ipi ni ya wote na ipi si yako. Mlima Imagi ni mzuri kwa anayetaka utulivu zaidi. Barabara zenye miinuko za Chuo Kikuu cha Dodoma, kule Chimwaga, hazina raha ya mwamba, lakini ni bora kuliko zote kwa mtu mwenye goti bovu au anayetoka kazini usiku: mteremko wa lami ni sawasawa, unaweza kuhesabu hatua, na huwezi kupotea.

Jinsi ya kuutumia mlima mdogo ili ufanye kazi ya mkubwa. Kosa la kwanza ni mwendo. Kwenye kilima cha nyumbani mtu hupanda kwa kasi ya mita 400 au 500 za mwinuko kwa saa, anahema, anajisifu. Kutoka Kibo hadi Uhuru watu hutumia saa sita hadi nane kwa mita 1,175: ni mita 150 hadi 200 kwa saa, mwendo wa bibi anayetoka kisimani na ndoo kichwani. Mwendo huo ni mgumu kuliko unavyofikiri kwa mtu ambaye hajauzoea, kwa sababu mwili unataka kukimbia kidogo na kusimama, kukimbia kidogo na kusimama. Waongozaji wa Kilimanjaro wakisema "pole pole" hawakubembelezi, wanakupa kipimo. Jifunze nyumbani: panda ukipumua kwa pua tu. Pua ikishindwa, umezidisha. Unapaswa kuweza kusema sentensi nzima bila kukatika, tangu mzunguko wa kwanza hadi wa nane.

Mzigo. Chupa ya lita moja na nusu ni kilo moja na nusu, mizani rahisi kuliko yote. Anza na chupa mbili kwenye begi la mgongoni, ongeza moja kila baada ya wiki nne hadi chupa nne. Kule juu wapagazi hubeba mzigo mkubwa (kikomo chao ni kilo 20), wewe unabaki na begi la mchana la kilo tano hadi saba, kwa hiyo hakuna sababu ya kujitwisha gunia. Wiki nne za kwanza, mwaga maji ukifika juu na ushuke mtupu, mpaka magoti yazoee. Na huku kwetu maji hayamwagwi hivi hivi: kuna vichipukizi vya migunga na mibuyu midogo juu ya majabali inayokaa miezi saba bila tone. Mwagia shinani.

Kushuka kunastahili maelezo marefu. Unapopanda, misuli ya mapaja inajikunja huku ikifanya kazi. Unaposhuka inafanya kazi huku ikivutwa, kama mtu anayeshusha ndoo kisimani kwa kamba badala ya kuipandisha. Kazi hiyo ndiyo inayochana nyuzi za misuli na kukuacha siku ya pili na ya tatu ukishuka ngazi za ofisini kinyumenyume. Lakini misuli ina kumbukumbu nzuri ajabu: ikishaumia hivyo mara moja, hujijenga kiasi kwamba kazi ile ile ikirudiwa ndani ya wiki kadhaa maumivu huwa madogo sana. Mlima mkubwa hauwezi kukupa faida hiyo, kwa sababu unashuka mara moja tu, ukiwa umechoka, halafu unapanda gari. Kilima cha Dodoma kinakupa kushuka mara nane kwa Jumamosi moja, kwa nauli ya bodaboda. Kwa jambo hili kilima cha nyumbani kinaushinda mlima mkubwa, wala hakilingani nao tu.

Namna ya kushuka nayo inafundishika. Goti lisinyooke kabisa wakati mguu unagusa chini; liwe limekunjwa kidogo, ili paja lipokee uzito badala ya mfupa. Hatua ziwe fupi, pengine nusu ya zile za kupandia. Mwili uelekee mbele kidogo. Woga hutuvuta nyuma, na ukilala nyuma kisigino ndicho kinachoteleza kwenye changarawe. Fimbo mbili ni afadhali sana kuliko moja. Zirefushe sentimita tano hivi kuliko za kupandia, ziguse chini kabla ya mguu. Usipokuwa na fimbo za dukani, fito mbili ngumu zenye kimo cha kifuani zinafanya kazi, zifunge mpira wa ndani wa baiskeli pale pa kushikia zisikuchubue.

Viatu. Mitumba ya Sabasaba na ya Machinga Complex mara kwa mara huleta buti nzuri kweli za milimani kwa bei ya raba mpya za kawaida, lakini hapa ndipo pesa nyingi hupotea, na sababu ni moja. Buti nyingi za Ulaya zina soli ya kati ya poliyurethani, ule utando mnene laini kati ya ngozi na soli ya chini. Kitu hicho huoza chenyewe kwa unyevu wa hewa, hata kiatu kikiwa kimekaa kabatini bila kuvaliwa. Kwa nje buti inang'aa, ngozi imepakwa mafuta, soli ya chini ina meno yote. Unaivaa, unapanda saa mbili, halafu soli nzima inabanduka kama ganda la ndizi. Kabla ya kulipa, bonyeza utando huo kwa ukucha wa kidole gumba, karibu na kisigino. Ukiacha alama isiyorudi, au vumbi likatoka kama la chaki, acha. Kunja buti kwa nguvu pale vidole vinapokunjika, utazame kwa pembeni: nyufa ndogo kama za udongo wa bwawa lililokauka ni hukumu tosha. Gundi haitibu, kwa sababu kilichooza ni soli yenyewe, gundi haina pa kushika. Fundi viatu anaweza kushona soli ya chini kuzunguka pembeni, na mshono huo utakufikisha nyumbani, lakini usiende nao Kibo.

Saizi: vaa soksi nene utakazopandia, sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, na kidole kimoja cha mkono kipite nyuma ya kisigino. Halafu simama kwenye kitu kilichoinama uso ukielekea chini. Vidole vikigusa mbele hapo dukani, vitakuwa vyeusi Horombo. Buti zikae mguuni angalau kilomita 60 kabla ya safari, na vilima vya Dodoma ni mahali pazuri pa kuzimaliza, kwa kuwa mwamba mkavu huonyesha haraka panaposugua. Kidonda cha kisigino kinaanza kama joto. Ukilihisi, simama hapo hapo ubandike plasta pana. Ukingoja ufike juu, umeshachelewa.

Maji na jua. Mtu anayepanda saa 5 asubuhi mwezi wa Oktoba au Novemba anafanya mazoezi ya kuugua. Kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 3 asubuhi ndiyo nafasi bora. Nusu lita kwa saa kwa uchache, na siku ya mizunguko minane weka kijiko kidogo cha chumvi na sukari kwenye moja ya chupa. Kwa chakula hatuna haja ya vitu vya pakiti za nje: karanga za kukaanga zenye chumvi, ndizi, na zabibu kavu za hapa hapa Dodoma ni chakula cha mlima kwa kiwango chochote. Zabibu kavu hazigandi kule juu, wakati chokoleti na biskuti zenye krimu huwa mawe.

Sasa mapungufu, na hapa hatupaki rangi. Dodoma iko karibu mita 1,120 juu ya bahari. Mwili hauanzi kuzoea hewa nyepesi kwa maana yoyote ya kusaidia hadi upite kama mita 2,500. Uhuru, kila pumzi ina karibu nusu ya oksijeni ya pwani. Hakuna kilima, hakuna ngazi, hakuna kuziba pua kutakakokuandaa kwa hilo. Vile vitambaa vya kubana pua na mdomo vinavyouzwa kama vifaa vya mazoezi ya milimani vinachosha misuli ya kupumua tu, havibadilishi damu. Na mtu mwenye mapafu ya mwanariadha huugua kama mwingine yeyote. Pengine huwahi kuugua kwa sababu miguu yake inamruhusu kwenda mbio kuliko mwili unavyozoea. Kinachozoesha ni usiku: kulala juu, na kuongeza kimo cha kulala taratibu. Kipimo kinachotumika sana ni kutoongeza zaidi ya mita 500 za kulala kwa usiku mmoja ukishapita mita 3,000, na kupumzika siku moja kila baada ya siku tatu au nne. Tazama Marangu kwa jicho hilo: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Kila usiku mita elfu. Ndiyo maana usiku wa ziada Horombo si anasa. Mtu aliyefanya mazoezi miezi minne Dodoma akanunua safari ya siku tano ili kuokoa pesa amebana mahali pasipobanwa.

Baridi nayo. Kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua takriban nyuzi sita na nusu. Alfajiri ya Julai Dodoma huwa kama nyuzi 13. Panda mita 4,775 kutoka hapo hadi Uhuru, toa nyuzi 31: umebaki kama 18 chini ya sifuri, upepo haujahesabiwa. Sweta la Dodoma halitakusaidia. Vitu vidogo ndivyo vinavyosahaulika: chupa ya maji ipinduliwe kichwa chini begini, kwa sababu maji huganda kuanzia juu na ukiipindua mdomo unabaki wazi, bomba la mfuko wa maji huganda ndani ya saa moja, usilitegemee usiku wa kilele, betri za simu na tochi ya kichwani zikae mfuko wa ndani, karibu na mwili.

Kati ya nyumbani na huko ndipo Hanang unapokaa, na kwa maoni yetu ndio mlima unaopunjwa sifa kuliko yote Tanzania. Uko Manyara, juu ya mji wa Katesh, mita 3,420. Kutoka Dodoma unapanda basi Nanenane, Nzuguni, unapita Kondoa hadi Babati, kama kilomita 250 za lami, halafu kama 75 nyingine kwa barabara ya Singida. Ukiupanda na kushuka siku moja kutoka Katesh, unafanya karibu mita 1,600 za kupanda na 1,600 za kushuka: zaidi ya usiku wa Kibo kwa kupanda. Mtu wa kawaida hutumia muda wa saa kumi hadi kumi na mbili. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kiingilio unalipia ofisini kwa namba ya malipo ya serikali, na mwongozaji mwenyeji ni lazima kwa akili hata kama asingekuwa lazima kwa karatasi. Mtanzania hulipa kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni. Njia ya Jorodom ndiyo inayotumika zaidi.

Kuna mambo matatu yanayowashinda watu Hanang. La kwanza ni maji: juu hakuna pa kutegemea wakati wa kiangazi, lita nne kwa mtu ndiyo chini kabisa. La pili ni kuchelewa kuanza. Saa 12 asubuhi uwe umeshaondoka kijijini, kwa sababu ukungu hufunga ukingo mchana na giza litakukuta msituni. La tatu ni kudhani umefika. Njia inakupandisha mpaka kwenye ukingo unaoonekana kama mwisho, kumbe kilele chenyewe kiko mbele, kwa kupanda na kushuka juu ya mgongo wa mlima. Wengi hurudi hapo miguu ikiwa mizima, moyo umekatika. Weka akiba ya lita moja na saa mbili kwa ajili ya kipande hicho.

Na msimu: Hanang si mlima wa mvua. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na miti vilishuka kutoka mlimani baada ya mvua kubwa vikaingia Katesh na vijiji vya chini yake, na zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Panda Juni hadi Septemba, usipige hema kwenye korongo hata likiwa kavu, na ukipita vijiji hivyo pita kwa heshima. Kuna kaya zilizopoteza watu.

Kwa upande wa hewa, Hanang ni mwonjo tu. Mita 3,420 zinatosha kumwonyesha mtu kama anaumwa kichwa mapema, hazitoshi kumzoesha kama hakulala juu. Ila zinatosha kumfundisha dalili akiwa karibu na barabara: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa usingizi, uchovu usiolingana na kazi. Hizo ukizipata simama, usiongeze kimo. Zile nyingine, kuhema ukiwa umekaa, kikohozi chenye povu, au kuyumba ukiambiwa utembee kisigino kwa kidole kwenye mstari, hazingoji asubuhi. Ni kushuka saa hiyo hiyo, hata usiku.

Kolo, kaskazini ya Kondoa, tunaitaja kwa ufupi. Kama mazoezi ni kupanda kwa dakika chache kwenye miamba. Lakini ile michoro ya kale ya miambani iko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2006, iko njiani kwenda Hanang, na siku ya kupumzisha miguu baada ya mlima haina matumizi bora. Milima ya Kiboriani juu ya Mpwapwa ni ya anayetaka kutembea siku nzima kwenye kijani bila kwenda mbali na mkoa. Miinuko mirefu, mwamba kidogo.

Meru na Kilimanjaro zenyewe hazihitaji kupigiwa debe. Meru ni bora kwa mpandaji: ukingo mwembamba, mandhari yasiyokoma, na askari mwenye bunduki anatembea nanyi kwa sababu ya nyati. Kilimanjaro ni mrefu zaidi na rahisi zaidi kwa miguu, mgumu zaidi kwa mapafu. Mtu wa Dodoma aliyefanya mizunguko yake kwa miezi mitatu atashangaa jinsi siku za Kilimanjaro kabla ya Kibo zilivyo fupi kwa miguu. Asidanganyike akaharakisha, siku hizo ni za damu kuzoea hewa, si za mapaja.

Mpango unaofaa kwa wiki kumi na mbili: wiki nne za kwanza mizunguko mitatu kila Jumamosi na mwendo wa saa moja mara mbili katikati ya wiki, wiki nne zinazofuata mizunguko mitano hadi sita, chupa tatu, wiki mbili baada ya hapo mizunguko minane, chupa nne, kisha Jumapili yake mizunguko miwili juu ya uchovu, kwa sababu mlima haukupi siku ya kupumzika katikati. Siku kumi za mwisho punguza hadi theluthi. Dawa ya asetazolamaidi, ya kusaidia mwili kuzoea hewa nyepesi, inayotumika sana kwa kipimo cha miligramu 125 mara mbili kwa siku, iamuliwe na daktari kabla, ijaribiwe nyumbani siku mbili, maana inakojoza na kuchomachoma vidoleni. Wenye mzio wa dawa za salfa waseme mapema.

Kama nauli inaruhusu mlima mmoja tu kabla ya Kilimanjaro, chaguo linategemea unachokosa. Unayekosa miguu nenda Hanang, wiki nne kabla: kinga ya mapaja bado itakuwepo, na maumivu ya kucha zilizogongwa yatakuwa yametulia. Unayehofia hewa nenda Meru, tena iwe siku chache tu kabla ya kuingia geti la Kilimanjaro, kwa sababu kuzoea hewa huyeyuka haraka ukirudi chini. Ukipanda Meru Juni kisha Kilimanjaro Agosti, umefanya matembezi mawili mazuri, na mapafu yanaanza upya.